Tupeane uzoefu: uamuzi wa mhusika gani kwenye tamthilia za Kiasia umekukaa moyoni mpaka leo?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Humu tunasimulia mpaka mwisho, kwa hiyo kama kuna tamthilia hujaimaliza, ruka maelezo yake usije ukaharibiwa uhondo.

Nianze na langu. Mwaka 2016 nilikuwa nimepanga chumba Tabora. Kijana wa libreri ya muvi pale mtaani akaniingizia Reply 1988 kwenye flashi, episodi zote 20, akaniambia, "Hii haina ngumi, lakini ukimaliza njoo tuongee." Nikawa naitazama usiku, sauti chini, nasoma sabtaito.

Kwa ambao hawajaiona: ni familia tano za kichochoro kimoja, mtaa wa Ssangmun-dong, Seoul. Watoto wamekua pamoja, wanaingiliana vyumbani bila hodi, na jioni mama zao wanawatuma kupeleka bakuli la mboga nyumba hii na kurudi na bakuli la nyumba ile. Kati ya vijana hao, wawili wanampenda Deok-sun: Jung-hwan, na Taek, bingwa wa baduk, ule mchezo wa vijiwe vyeusi na vyeupe. Tangu mwanzo tunamwona Deok-sun akiwa mtu mzima na mumewe, ila hatuambiwi mume ni yupi kati ya wale vijana. Unakaa episodi baada ya episodi unachunguza.

Mimi nilikuwa upande wa Jung-hwan. Kuna mahali wamepanda basi limeshona. Jung-hwan amesimama nyuma ya Deok-sun, ameng'ang'ania vyuma mpaka mishipa imemtoka mikononi, anazuia watu wasimlalie yule binti. Binti mwenyewe hana habari. Ndivyo anavyopenda huyu kijana, anatenda na mdomo ameufunga. Kisha ikaja episodi ya 18. Anajua Deok-sun yuko peke yake kwenye onyesho la muziki, anawasha gari, na kila taa ya barabarani anayoifikia inawaka nyekundu. Anapofika, Taek ameshamtangulia. Taek ameiacha mechi yake akakimbilia kule. Jung-hwan anajiambia kwamba taa hazina kosa, kilichomchelewesha ni kusita kwake siku zote zile.

Nilikasirika siku mbili. Niliona waandishi wamemdhulumu. Siku ya tatu nikairudia kuanzia mwanzo, na nikaona njia ilikuwepo muda wote. Taek aliwaambia rafiki zake waziwazi kwamba anampenda Deok-sun. Jung-hwan alikuwepo, akasikia, akanyamaza.

Mwaka huo kulikuwa na binti tuliyekuwa tukifanya naye kazi. Nilikuwa namwachia kiti, namsindikiza kituoni, namletea matunda, na neno sikuwahi kulitoa. Baada ya ile episodi nilinunua vocha nikampigia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole kwamba ana wiki tatu tangu mahari yake ipokelewe.

Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha tamthilia. Mhusika akichagua, mtazamaji anaweza kulia, lakini akirudi nyuma akute mbegu ilipandwa. Sasa leteni ya kwenu: nani, alichagua nini, na wewe ulikuwa wapi maishani ulipokitazama.

nesi_wa_usiku

Mimi ni ya Kichina, ile ya Mao Doudou na mama wakwe zake wawili. TBC waliionyesha 2011 ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na ndiyo maana hata wazee wa nyumbani waliielewa bila mtu wa kuwatafsiria. Wengine mtakumbuka Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013.

Doudou ni nesi kama mimi. Ameolewa na Yu Wei, mpiga picha, ambaye wazazi wake wameachana na baba ameoa tena. Kwa hiyo ana mkwe aliyemzaa mume na ana mkwe mama wa kambo, na wawili hao hawaivi chungu kimoja. Uamuzi wa Doudou uliobishaniwa sana wodini kwetu ni kufunika funika mambo. Anasema kauongo kadogo huku, anapeleka salamu ambazo hazikutumwa kule, mradi wakwe wasigombane. Wenzangu walisema anajidhalilisha.

Nilikuwa na miezi minne kwenye ndoa, naishi kwa wakwe Temeke. Mama mkwe wangu hakuwa mkali, alikuwa kimya, na kimya chake kilinitisha kuliko ukali. Siku moja tumekaa tunaitazama, Doudou akawa anamsifia mkwe wake kwa jambo ambalo hakulifanya. Mama akacheka, akaniuliza, "Na wewe huwa unanisifia hivyo kwa wenzio?" Nikamjibu, "Hapana mama, mimi nawaambia sikujui bado." Akaizima sauti ya runinga. Tuliongea mpaka wanaume wakarudi wakakuta hakuna chakula.

Kwa hiyo mimi namtetea Doudou. Ile tamthilia ilimpa sababu. Ilituonyesha mama mtu mwenye uchungu wa talaka, tukamjua kabla hatujamhukumu.

kijana_wa_likoni

Mkuu umegusa donda. Yangu ni Start-Up ya 2020, na mimi mpaka leo ni wa Han Ji-pyeong.

Nieleze kwa nini. Nimelelewa na nyanya yangu Likoni, muuza viazi karai na mahamri. Kwenye Start-Up, Ji-pyeong ni yatima aliyetoka kituo cha watoto bila pa kulala, na bibi mmoja muuza vitafunio anamfungulia kibanda chake alale humo. Anapoondoka kwenda Seoul, yule bibi anampa viatu vipya, na anamwambia akifanikiwa asimtafute, akitajirika asimtafute, ila siku mambo yakimwia magumu asisimame kwenye mvua, arudi kwake. Mimi pale nilisimamisha simu nikatoka nje. Nyanya yangu alikuwa na miezi saba tangu tumzike.

Mjukuu wa bibi huyo ni Dal-mi. Alipokuwa mpweke, bibi alimwomba Ji-pyeong amwandikie barua, naye akaandika kwa jina la kijana mwingine alilolikuta gazetini, Nam Do-san. Miaka inapita, Dal-mi anamtafuta mwenye barua. Mwisho anamchagua Do-san mwenyewe wa jina, na Ji-pyeong anabaki na bibi.

Sina ugomvi na Dal-mi, moyo una mwenyewe. Ugomvi wangu ni na uandishi. Episodi ya kwanza nzima umeniwekea moyo wangu kwa mtu mmoja, umenipa mvua, viatu na barua, halafu uniambie steringi ni mwingine? Hapo msimuliaji ameweka ahadi na hakuitimiza.

mpenda_sizoni

Ndugu yangu wa Likoni, pole kwa nyanya, Mungu amrehemu.

Ila hapa nakupinga. Barua zile zilikuwa nzuri, lakini zilikuwa kazi aliyoagizwa, tena kwa jina lisilo lake. Do-san ndiye aliyekesha na Dal-mi wakijenga kampuni, akakosea mbele yake, akadharauliwa mbele yake. Dal-mi mwenyewe alifika mahali akajiuliza anampenda aliyeandika au aliye mbele yake, akajibu. Na ahadi ya episodi ya kwanza kwangu mimi ilitimia: bibi alimwambia Ji-pyeong arudi siku akiumia, na alirudi, akapokelewa. Ile ilikuwa hadithi ya mtoto kupata nyumbani. Sisi ndio tuliigeuza ya kupata mke.

kijana_wa_likoni

Hiyo ya "mtoto kupata nyumbani" sikuwahi kuiona hivyo. Nitairudia. Lakini barua sizisamehi.

mama_wa_wawili

Naleta ya zamani, Boys Over Flowers ya 2009. Nilikuwa chuo Morogoro, tulikuwa tunajazana wasichana tisa kwenye laptopu moja. Gu Jun-pyo alikuwa mume wetu sote.

Mwaka jana binti yangu wa miaka 14 akaikuta, nikamwambia kaa nikuonyeshe tulivyokuwa tunalia. Geum Jan-di anatoka familia ya dobi, anaingia shule ya matajiri. Jun-pyo na wenzake wakikutolea kadi nyekundu, shule nzima inakugeuka. Wanamwagia Jan-di vitu, wanamfukuza. Baadaye Jun-pyo anampenda, anatuma watu wake wamchukue kwa nguvu, wampambe, wampeleke kwenye jumba lake. Anamvuta mkono huku na huku. Sisi 2009 pale tulipiga makofi.

Binti yangu akaniuliza, "Mama, si huyu ndiye aliyeagiza wamwonee? Mbona hajaomba msamaha?" Nikaanza kumtetea Jun-pyo, kwamba mama yake ni katili, kwamba amelelewa bila upendo. Akaniuliza tena, "Sasa kwa nini Jan-di ndiye alipe?"

Nilikosa jibu. Nikaizima, tukaongea kuhusu kushikwa mkono na kuvutwa, na kama kuna mtu amewahi kumfanyia hivyo shuleni. Alikuwepo. Nilikwenda shuleni kesho yake.

Ninachosema: waandishi walimbadilisha Jun-pyo kwa mapenzi tu, hawakumpa hata nafasi moja ya kubeba alichofanya. Anapofika mwisho ni mtu mzuri, lakini wale wanafunzi wengine aliowaangamiza kwa kadi nyekundu wamesahaulika kabisa. Bado naipenda, ni ujana wangu ule. Ila kwa hilo nimebadilika.

fundi_redio

Za Kihindi nazo ni Asia, msizisahau. Mama yangu na Kumkum Bhagya. Ilianza 2014 na ikaenda mpaka maelfu ya episodi. Abhi na Pragya wanapendana, lakini kila siku kuna jambo mmoja anamficha mwenzake "kwa faida yake". Mama alivumilia miaka, siku moja akasimama mbele ya runinga akasema, "Watu hawa wangekaa kitako wakaongea nusu saa, wote wangelala." Hakuirudia. Hapo naungana na mwanzisha mada: mhusika akinyamaza kwa sababu ndivyo alivyo, kama Jung-hwan, inauma. Akinyamazishwa ili hadithi isiishe, inachosha.

dada_wa_muscat

Asalaam alaykum. Niko Muscat mwaka wa sita, mume wangu yuko Tanga na watoto.

Yangu ni Twenty-Five Twenty-One, ya 2022. Hee-do ni mcheza vitara, Yi-jin ni kijana ambaye familia yao ilifilisika kwenye mtikisiko wa uchumi wa Korea, mwisho wa miaka ya 90. Anakuwa mwandishi wa habari wa runinga. Wanapendana kwa namna ambayo wanasukumana kwenda juu, na sisi watazamaji tukawa tunauliza binti wa Hee-do, Min-chae, mbona ana jina la ukoo Kim wakati Yi-jin ni Baek. Tulikuwa tunatafuta kila njia ya kujidanganya. Hawakuoana. Baada ya Septemba 11, 2001, Yi-jin anakwenda New York kwa kazi, anazama kwenye misiba ya watu, na Hee-do anazoea kusubiri mpaka kusubiri kunageuka kuwa maisha yake.

Watu walichukia mwisho ule, wakasema hakuna aliyekosa, kwa nini waachane. Mimi huku niliuelewa. Hakuna anayekosa. Kuna siku unapiga simu, mwenzio amechoka, wewe umechoka, mnasema "niko salama" mnakata. Mwandishi aliionyesha hiyo hatua kwa hatua: simu fupi, kisha fupi zaidi, kisha habari ambayo mtu hasemi kwa kuhofia kumchosha mwenzake.

Usiku nilioimaliza nilimpigia baba watoto saa nane za huku, huko saa saba. Alishtuka akidhani kuna msiba. Nikamwambia hapana, nataka uniambie siku yako yote ilivyokwenda, tangu ulivyoamka. Akaanza na kuku aliyepotea. Tangu siku hiyo kila Alhamisi tunafanya hivyo, na hakuna kusema "niko salama".

mwana_wa_kilwa

Nimesoma zote, dada wa Muscat umeniliza. Nami nilete When Life Gives You Tangerines, ya mwaka 2025, episodi 16.

Ni kisiwa cha Jeju, watu wa bahari. Mama yake Ae-sun alikuwa haenyeo, wale wanawake wanaozamia bila mtungi wa hewa kutafuta abaloni na chaza, na alikufa akiwa na miaka 29. Ae-sun anaolewa na Gwan-sik, mvuvi, mtu wa maneno machache kabisa. Lakini huyu wa maneno machache si Jung-hwan. Aliwahi kuruka kutoka kwenye meli akarudi kwa kuogelea, kwa sababu Ae-sun alikuwa ufukweni akimwita.

Watu wengi wanaongelea hiyo ya kuogelea. Mimi iliyonikaa ni ndogo zaidi. Wanakula nyumbani kwa wazazi wa Gwan-sik. Yeye amekaa meza ya wakubwa, nyuma yake kuna kimeza kingine cha mkewe na bintiye. Ae-sun anasemwa. Gwan-sik hapandishi sauti. Anajigeuza tu pale alipokaa, anawapa mgongo wakubwa, anaanza kula na mkewe na mwanawe. Basi. Hakuna muziki mkubwa, ni mgongo wa mtu na bakuli la wali.

Kwetu Kilwa wanaume wanakula sinia la barazani, wanawake wanakula uani, na samaki mkubwa anakwenda barazani. Sijawahi kuona ni vibaya, nilikuta hivyo. Baba yangu ni mvuvi wa jarife. Mama alipougua 2019, akawa hawezi kukaa na wenzake kwa sababu mkono mmoja haukuwa na nguvu na aliona haya kumwaga chakula. Siku moja sinia letu limeshatengwa, wajomba wapo, baba akanawa, akasema bismillahi, akachukua kipande cha changu kwenye kisahani, akainuka. Tulidhani anafuata pilipili. Nilipomaliza nikapita uani kupeleka vyombo, nikamkuta amekaa kwenye mkeka kando ya mama, anamtolea miiba.

Hakurudi barazani kula tena, mpaka mama alipofariki. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakueleza.

Nilipoiona ile episodi nilikuwa na mke wangu, tumekula kila mtu kivyake kama kawaida. Nilimsimulia habari ya baba, alikuwa hajawahi kuisikia. Kesho yake mchana nilipofika nyumbani nikakuta sinia limetengwa sebuleni, moja, na vijiko vinne.