Mrejesho: moli za kemia zimeanza kueleweka

Habari zenu wakubwa. Mwezi uliopita niliomba msaada: nipo kidato cha tatu hapa Masasi, moli zinanishinda. Mkaniambia nifunge daftari nimweleze mtu.

Nilimweleza mdogo wangu tukibangua korosho. Moli ni jina la idadi ya chembe, kama dazeni, ila kubwa mno. Moli moja ya maji ni gramu 18: hidrojeni mbili ni gramu 2, oksijeni moja ni gramu 16. Akauliza, "Kwa nini msihesabu moja moja?" Nikakwama! Nikarudi kitabuni kusoma hapo tu: chembe ni ndogo mno, ndiyo maana tunapima uzito.

Maswali nayarudia baada ya siku tatu bila kuchungulia majibu. Kukesha nimeacha. Jaribio la juzi nimepata 61, kutoka 23. Dada wa Newala uliyenishauri humu, asante sana.