Mrejesho: ile njia ya kushukia mtoni

Habari zenu ndugu zangu. Kabla ya masika niliwauliza tufanyeje watu wa mtaa wetu tupate pa kushukia Mto Mbezi bila kuporomoka, na lile jalala pembeni liwe bustani. Mlinishauri nianzie serikali ya mtaa. Asanteni, imesaidia.

Kikaoni wengine walitaka vibanda vya biashara. Afisa mazingira akatukumbusha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: ndani ya mita 60 kutoka ukingoni hakuna shughuli za kudumu. Basi ni miti, nyasi na njia.

Njia ya zamani ilishukia upande wa nje wa kona ya mto, maji yanapokula udongo. Tumeihamishia upande wa ndani, mchanga unakotua. Ngazi ni viroba vya mchanga vilivyobanwa kwa vigingi vya mianzi, pembeni tumepanda vetiva, nyasi za kushika udongo. Juzi bibi jirani yangu kashuka mwenyewe, mkono kwenye kamba, hadi mchangani. Machozi yalinilenga.

Watoto kuogelea bado hapana, majitaka yanaingia huko juu. Na mvua zikianza tunafunga njia, maana ikinyesha huko juu mto hujaa ghafla hata kwetu kukiwa kukavu. Jalala limebaki nusu, Jumamosi tunaendelea.