Kampa kuukuu ya kuhamia Eldoret na mbwa na paka: niangalie nini kabla ya kulipa?

Bint_Maweni

Salaam aleikum wana jamvi. Aprili tunahama kutoka Malindi kwenda Eldoret. Vyombo vya nyumbani vitapanda lori. Sisi watatu, mbwa mmoja wa kilo 28 na paka wawili tunataka kusafiri kwa kampa (gari lenye kitanda na jiko ndani), polepole, siku tatu au nne, halafu tuilalie huko mpaka nyumba ikamilike. Nimepata mbili:

1. Toyota HiAce ya paa refu, dizeli, injini ya 5L, gia za mkono, namba za Kenya. Ndani ina kitanda, sinki, jiko la gesi, tangi la maji la lita 80, betri ya pili na paneli moja ya sola ya wati 200. Imekaa muda mrefu Casuarina, karibu na bahari.

2. Fiat Ducato, kampa ya kiwandani, usukani wa kushoto, namba za Ulaya. Ina choo na friji ya gesi. Bei ni kama nusu ya ile ya kwanza, mwenyewe anarudi kwao.

Nikague nini, na wanyama niwapange vipi? Msinionee haya, semeni wazi.

Fundi_KisumuNdogo

Waaleikum salaam dada. Hiyo ya pili atakujibu mwenye kujua karatasi, mimi nasemea HiAce.

Usiijaribu Malindi ukaridhika. Huku ni tambarare tupu. Kutoka Casuarina hadi Gede injini yoyote itaonekana nzima. Wewe unaanzia usawa wa bahari na unapita Timboroa, karibu mita 2,800. Kwa hiyo mwambie muuzaji mwende Mavueni, mpande Kaloleni, saa saba mchana, tangi la maji likiwa limejaa na watu wanne ndani. Ni kazi ya nusu siku. Asiyekubali hiyo nusu siku ana jambo analolijua kuhusu gari lake.

Mkipanda, macho yawe kwenye sindano ya joto. Ikitulia katikati, vizuri. Ikipanda kilimani na kurudi mkifika tambarare, redieta imeziba au klachi ya feni imechoka, hayo yanatengenezeka. Ila mpira wa juu wa redieta ukiukuta umejaa presha asubuhi, injini imelala usiku kucha, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Muage, ondoka.

Fungua redieta injini ikiwa baridi. Pwani wengi hutia maji ya bomba, na wengine ya kisima chenye chumvi, kwa hoja kwamba kwetu hakuna barafu. Kulanti, yaani dawa ya maji ya redieta, kazi yake si barafu tu: inazuia kutu ndani na inachelewesha maji kuchemka. Yakitoka ya rangi ya chai, ujue njia za ndani zimeanza kuliwa. Kifuniko cha redieta ubadilishe hata kama kinaonekana kizima. Timboroa, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ni presha, na presha hiyo inashikwa na kifuniko. Mpira wake ukikauka utachemsha kule juu hata na redieta mpya.

5L haina tabo ya kusukuma hewa ndani ya injini. Kila ukipanda mita 1,000 hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu, kwa hiyo Timboroa zaidi ya robo itakuwa imekwenda na moshi utakuwa mweusi kidogo. Huo si ugonjwa, ni uchache wa hewa. Shusha gia mapema, usikanyage mafuta hadi chini. Moshi mweusi hapa Malindi ni jambo jingine: nozeli, pampu, au chujio la hewa lililojaa mchanga. Wa buluu ni oili inayoungua.

Mkanda wa taimingi: injini hiyo haina cheni. Mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vali hukutana na pistoni. Muuzaji akisema "ulibadilishwa juzi" bila risiti, hesabu haujabadilishwa, weka mpya pamoja na roli ya kukaza.

Kutu ndiyo itakayoamua bei. Ingia chini na tochi na bisibisi, ugonge kwa mpini. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Gonga pale springi za nyuma zinaposhikia chesisi, fuata paipu za breki juu ya ekseli ya nyuma, kisha sakafu ya mlango wa pembeni na mifereji ya paa. Chini kukiwa kumepakwa rangi nyeusi mbichi ya lami, hiyo rangi ni ya kukuuzia gari. Kwangua.

Matairi: usitazame kashata (meno ya tairi) peke yake. Baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho; 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Gari la kusimama huwa na kashata nzuri na mbavu zilizopasuka. Yakipita miaka sita badilisha yote, spea pia, na yawe ya mzigo, yenye herufi C au LT. Ya gari dogo yatapasuka na joto la Voi.

Mwisho, mafuta ya breki. Hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu unaijua. Yaliyopita miaka miwili yatoe yote. Yakiwa na maji ndani huchemka kwenye mteremko mrefu na pedeli inazama hadi sakafuni. Nawe utateremka bonde la Mai Mahiu ukiwa na mzigo.

Karani_wa_Bandari

Ile ya namba mbili usiguse. Kenya haisajili gari la kawaida la usukani wa kushoto, na gari linaloingizwa halitakiwi kuzidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mtalii anaingia nalo kwa kibali cha forodha cha muda; akiliuza humu ndani bila ushuru kulipwa, aliyenunua ndiye atakayebaki na kesi ya KRA, mamlaka ya mapato. Mwenyewe atakuwa ameshapanda ndege. Hiyo nusu bei ndiyo sababu yake.

Kwa HiAce, omba kumbukumbu za gari kwenye akaunti yako ya NTSA (mamlaka ya usafiri) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoa hata arubuni. Jina la muuzaji lilingane na kitambulisho chake. Ukiona jina la benki au la mkopeshaji limeandikwa pamoja na lake, deni halijaisha. Linganisha namba ya chesisi kwenye chuma na ya kwenye logibuku (hati ya umiliki wa gari), na namba ya injini vilevile, maana injini za HiAce hubadilishwa sana. Kisha soma aina ya bodi. Kama logibuku inasema gari la mizigo na ndani mna kitanda na madirisha yaliyokatwa, mabadiliko hayo hayakuandikishwa. Muuzaji ndiye akaliombee ukaguzi na marekebisho NTSA, si wewe. Kampuni ya bima ikigundua baada ya ajali, fidia itakuwa ngumu.

Pesa ya mwisho itoke akishaanzisha uhamisho wa umiliki mtandaoni na wewe umeukubali. Logibuku mkononi na fomu iliyotiwa sahihi tu, hapana.

Tabibu_Mifugo_Amu

Nami niseme ya wanyama, maana hapo juu wote mmejishughulisha na chuma.

Chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa mbwa na kwa paka pia. Kama ndiyo ya kwanza, ipigwe angalau siku 21 kabla ya safari. Kadi iwe mbele karibu na dereva, na upitie ofisi ya mifugo ya kaunti upate kibali cha kuwasafirisha.

Mbwa wa kilo 28 anahitaji kizimba anachoweza kusimama na kugeuka. Kifungwe kwa mikanda ya kukaza kwenye pete zilizoingizwa sakafuni kwa bolti, si kwenye mguu wa kabati la plaiwudi. Kikae nyuma ya viti vya mbele, mbali na jiko. Paka kila mmoja na kijumba chake cha plastiki ngumu. Cha kitambaa wanakirarua. Funika kwa leso nyepesi upande wa dirisha, mlango wa kijumba usiufunike, upate upepo. Paka asiyeona magari yakipita hunyamaza mapema.

Chakula cha mwisho kiwe saa nne hadi sita kabla ya kuondoka. Maji kidogo kila kituo. Anayetapika sana mpeleke kwa daktari wiki mbili kabla, apewe dawa ya kichefuchefu ijaribiwe nyumbani. Usimpe dawa ya usingizi ya kuambiwa na jirani: nyingi hushusha presha na kumfanya mnyama ashindwe kujipoza, na wewe unamvusha nyika ya Taru. Panadol kwa paka ni sumu, hata kipande.

Joto ndilo adui wenu mpaka Mtito Andei. Nje kukiwa nyuzi 30, ndani ya gari lililofungwa hupita 45 kwa nusu saa, na dirisha lililoachwa wazi vidole viwili halisaidii kitu. Kwa hiyo mtu mmoja abaki na wanyama kila mnaposimama, gari likiwa kivulini na milango imefunguliwa, vizimba vimefungwa. Mbwa akihema kwa kasi, ute ukawa mzito na fizi nyekundu sana, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepeeni, halafu daktari. Baada ya Timboroa mambo yanageuka. Usiku wa Eldoret unashuka hadi nyuzi 10 hivi na paka wa Malindi hajapata kuuona. Blanketi.

Mkifika, paka wasitoke nje wiki mbili hadi tatu. Akitoka mapema ataanza kutafuta Malindi.

Bint_Maweni

Shukran sana jamani. Ducato nimeiacha. Mawili: gari likiwa linakwenda, paka hawawezi kuachwa huru, maana kuna nafasi? Na je, sola hiyo moja itatosha feni ya wanyama usiku?

Tabibu_Mifugo_Amu

Huru, hapana. Paka aliyeogopa huingia chini ya pedeli za dereva. Hata mkiwa mmesimama, kwanza zibeni kila tundu nyuma ya makabati, chini ya kitanda na mapito ya nyaya na mabomba. Panapopita kichwa chake panapita mwili wote, na kumtoa ni kung'oa kabati.

JuaKali_Watamu

Sola itatosha, betri ndiyo ya kuogopa. Ya risasi ya Ah (ampea-saa) 100 hutumii zaidi ya nusu, yaani kama Wh (wati-saa) 600. Feni ya wati 25 kwa saa kumi ni Wh 250, taa na simu Wh 100. Wati 200 zikikaa safi juu ya paa, siku ya jua hupata Wh 700 hadi 800. Ila Aprili ni masika, mkikutana na siku mbili za mawingu mtategemea injini. Muulize muuzaji kama betri ya pili inachajiwa pia na injini ya gari. Wengi huruka hiyo waya. Ipime asubuhi kabla ya jua, bila kitu kilichowashwa: volti 12.7 imejaa, 12.2 nusu. Ikisoma chini ya 12 na jana kutwa ilikuwa juani, imekufa. Na fyuzi iwe karibu na betri, si kwenye ubao ulio mbali.

Gesi: paka maji ya sabuni kila kiungo, ukiona povu funga. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, palepale wanapolala wanyama wako. Kabati la mtungi liwe na tundu sakafuni la kuitoa nje. Mtungi ufungwe vali kabla ya kuondoka, kila mara.

Paa: mwagia maji kwa mpira dakika ishirini, kisha bonyeza kwa kidole gumba dari kuzunguka tundu la feni na miguu ya sola. Pakibonyea, plaiwudi imeoza. Silikoni mpya ya juu haitibu.

Uzito nao. Lita 80 za maji ni kilo 80, mbwa 28, mtungi wa kilo 13 ukijaa hukaribia 28. Tembeeni na lita 20, mjaze mnapolala.

Dereva_wa_Nyika

Njia: ondokeni saa kumi alfajiri, Kilifi, Mavueni, Kaloleni, mtokeze Mariakani. Mombasa mjini hamna haja. Saa tatu au saa nne asubuhi muwe Voi, kabla lami haijawaka. Atakayewashauri mkatize lango la Sala kupitia hifadhi ya Tsavo Mashariki msimsikilize, mbwa na paka hawaruhusiwi hifadhini. Mkilala kando ya ziwa Naivasha, mbwa asitoke bila kamba usiku, viboko hupanda kula majani. Nakuru hadi Timboroa mpite mchana: malori, ukungu na mvua.

Bint_Maweni

Muuzaji amekubali Kaloleni, ila anataka mafuta niyatie mimi.

Fundi_KisumuNdogo

Tia. Na ukifika kwake, kabla ya salamu kwisha, weka mkono juu ya kifuniko cha injini, chini ya viti vya mbele. Injini ikiwa ya moto ameshaiwasha kabla yako, na dizeli inayokataa kuwaka asubuhi hufichwa hivyo. Mwambie mtakwenda kesho, uifikie ikiwa baridi.