Naomba ushauri: mkusanyiko wa ROM za konsoli za zamani niupange kwa msingi upi?

Mpanga Rafu
Habari zenu wanajukwaa. Nina diski ya nje yenye faili za ROM (nakala za michezo zilizotolewa kwenye katriji au diski) za michezo ya NES, Super Nintendo, Mega Drive, Game Boy, Nintendo 64 na PlayStation ya kwanza, na zote zimelundikwa bila utaratibu ninaoweza kuuelewa. Swali langu ni la mpangilio tu. Je, folda za juu ziwe za konsoli, kisha ndani yake nigawe kwa aina ya mchezo kama vile mbio, mapigano na mafumbo, au nianze na aina ya mchezo na konsoli zifuate? Nimekwisha kupakua programu inayobadilisha majina ya faili kwa mkupuo, na nimekusudia kuiendesha mwisho wa juma hili ili kila faili ipate jina rasmi. Jambo hili linaninyima usingizi, kwa sababu nikikosea ngazi ya juu itanibidi nianze upya. Naomba msaada wenu.

Katriji Kuukuu
Konsoli kwanza, ndugu yangu, na hapo sioni cha kujadili. Emuleta, yaani programu inayoiga konsoli, inajua mashine. Haijui aina ya mchezo. Programu kama EmulationStation inatarajia folda moja kwa kila mfumo, na ukichanganya NES na Mega Drive ndani ya folda ya "mbio" utakuwa unapigana nayo kila siku. Isitoshe, aina ya mchezo ni maoni ya mtu. River City Ransom ya mwaka 1989 utaiweka kwenye mapigano kwa sababu watu wanapigana ngumi, au kwenye michezo ya kukuza mhusika kwa sababu unanunua vyakula na vitabu vinavyoongeza nguvu? Mchezo mmoja hauwezi kukaa katika folda mbili, lakini katika orodha unaweza kupewa sifa hata tano. Kwa hiyo aina ya mchezo iandike kwenye orodha, si kwenye jina la folda.

Mama Pikseli
Mimi ningekushauri ufikirie majina kabla ya folda. Kwa miaka mingi nilikuwa nautafuta mchezo wa maroboti wawili wanaokimbia na kufyatua risasi msituni, na kila niliyemweleza alinijibu kwamba hao ni wanajeshi, si maroboti. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba Contra ya NES ilipouzwa Ulaya iliitwa Probotector, na wanajeshi wale walibadilishwa kuwa maroboti. Wote tulikuwa tunasema kweli. Vilevile mchezo uliouzwa Marekani mwaka 1994 kwa jina la Final Fantasy III ndio Final Fantasy VI ya Japani. Orodha isiyokuwa na safu ya majina mbadala itakuficha michezo uliyo nayo tayari.

Sekta Sifuri
Kabla hatujaendelea na folda, naomba utunakilie hapa majina matatu au manne kama yalivyo sasa, bila kuyarekebisha. "Jina rasmi" linategemea orodha unayoifuata. No-Intro inashughulikia zaidi michezo ya katriji, Redump inashughulikia ya diski, na TOSEC ina upana mkubwa zaidi na utaratibu wake wa kutaja majina. Ukiona alama ya mshangao ndani ya mabano ya mraba, hiyo ni alama ya zamani ya GoodTools iliyomaanisha kwamba nakala imethibitishwa kuwa nzuri. Kila utaratibu una njia yake ya kukagua, na tusipojua faili zako zilitoka wapi tutakuwa tunakisia. Je, una nakala ya pili ya diski hiyo?

Mpanga Rafu
Ahsanteni. Nakala ya pili sina kwa sasa. Majina ni kama haya:

Metroid - ramani iko daftari la pili.nes
Super Mario World - hii ina njia zote 96, isiguswe.smc
Zelda ya diski ya Japani - sauti nzuri kuliko ya katriji.fds

Mnaona wenyewe kwamba majina ya namna hii hayamsaidii mtu mwingine yeyote, ndiyo maana nataka yaondoke. Niliijaribu programu kwa kuitaka ikague bila kubadilisha kitu, na karibu faili zote za Super Nintendo hazikutambuliwa ingawa zinachezeka vizuri kabisa. Nadhani hizo nitazifuta na kutafuta nyingine.

Bi Faharasa
Samahani, naomba nikuulize jambo moja. Daftari la pili ni daftari la nani? Mtu anayeandika "isiguswe" katika jina la faili anamwandikia mtu mwingine, au anajiandikia yeye mwenyewe wa siku za mbele. Wewe unayazungumzia majina haya kana kwamba unayaona kwa mara ya kwanza.

Katriji Kuukuu
Huyo wa Zelda anajua anachokisema, awe nani. Famicom Disk System, kifaa cha Nintendo cha Japani cha kuchezea diski cha mwaka 1986, ilikuwa na chaneli ya ziada ya sauti ambayo NES ya Marekani haikuwa nayo, na ukisikiliza muziki wa mwanzo wa Zelda katika matoleo yote mawili, tofauti inasikika waziwazi. Maelezo ya namna hiyo huyapati katika orodha yoyote rasmi.

Mpanga Rafu
Swali la msingi lilikuwa folda, lakini kwa kuwa nimeulizwa nitajibu. Diski ni ya kaka yangu. Yuko mbali kikazi, aliniachia niitunze, na hajui kwamba ninaipanga, kwa sababu nataka aikute imenyooka atakaporudi. Katriji ni zake pia, na faili nyingi alizinakili mwenyewe zamani kwa vifaa vya kunakilia. Sioni kosa langu liko wapi. Yeye mwenyewe amewahi kulalamika mbele yangu kwamba hapati anachokitafuta, na majina ya No-Intro yanafuatwa na watu wengi kila mahali, kwa hiyo atakuwa amepata kitu bora kuliko alichokuwa nacho. Zawadi nzuri haiombewi ruhusa.

Mzee wa Vitufe Viwili
Mwanangu, chumba cha mtu hakipangwi akiwa safarini. Nia yako ni njema na sina shaka nayo, lakini wewe ulipewa diski uitunze. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kaka yako daftari analo. Ameliandika katika majina ya faili. Mwandikie leo.

Kidole Gumba
Mimi namwonea huruma kaka mtu atakayerudi na kuuliza "ile isiyoguswa iko wapi?" huku mdogo wake akimwonyesha kwa fahari folda ya mafumbo.

Nukta Nane
Wanajukwaa, naomba nitofautiane nanyi. Siamini kisa hiki. Faili inayochezeka vizuri ni faili nzima, na faili nzima inatambuliwa na orodha. Huyu ndugu anatuambia kwamba karibu faili zote za Super Nintendo zinachezeka na wakati huohuo hazitambuliki, jambo ambalo haliwezekani kwa faili moja moja, seuze kwa folda nzima. Ongeza hapo kaka aliye mbali, daftari la pili na neno "isiguswe", na mimi naona hadithi iliyotungwa ili tubishane. Kama ni kweli, atuwekee ukubwa wa faili kwa baiti.

Mpanga Rafu
Sikutunga chochote, na imeniuma kuambiwa hivyo. Faili ya Super Mario World ina baiti 524,800. Metroid ina baiti 131,088. Za Nintendo 64 zinaishia na .v64, na za Mega Drive nyingi zinaishia na .smd.

Sekta Sifuri
Ukubwa huo unamthibitisha, na unaeleza kwa nini programu ilikwama. Super Mario World ina baiti 524,288 kamili. Toa hizo katika 524,800 na utabaki na 512, ambazo ni kichwa kilichoongezwa na kifaa cha kunakilia mbele ya data ya mchezo. Emuleta inakiruka na kuendelea, ndiyo maana mchezo unachezeka. Programu ya kukagua, isipoelekezwa kukiruka, inapiga hesabu ya SHA-1 (namba ya kuitambulisha faili inayotokana na baiti zake zote) kuanzia baiti ya kwanza, na baiti moja tu ikiwa tofauti hesabu yote inabadilika. Hakuna faili mbovu hapo. Metroid nayo iko sawa, kwani 131,072 ni mchezo wenyewe na 16 zilizobaki ni kichwa cha iNES, ambacho emuleta za NES hukihitaji.

Viendelezi navyo vinasimulia jambo hilohilo. Kiendelezi cha .smc kimetokana na Super Magicom, .smd na Super Magic Drive, na .v64 na Doctor V64, vyote vikiwa vifaa vya kunakilia vya miaka ya 1990. Katika faili za .smd data imechanganywa kwa mpangilio wa kifaa chenyewe. Katika .v64 kila jozi ya baiti imegeuzwa. Ifungue moja kwa programu inayoonyesha heksadesimali: ukikuta inaanza na 37 80 40 12 badala ya 80 37 12 40, basi ni ileile ya .z64 iliyobadilishana nafasi. Kuzifuta na "kutafuta nyingine" kungekuwa kutupa nakala ambazo mwenye katriji alizitoa kwa mkono wake.

Nukta Nane
Kuhusu faili nimeridhika, na ninaliondoa neno langu la kwamba kisa kimetungwa. Kichwa cha baiti 512 sikukifikiria. Hata hivyo, ninaungana na Mzee kwamba mwenye mali aambiwe.

Mpanga Rafu
Nashukuru. Kwa hiyo sitafuta. Lakini mpango wa majina bado nauona ni sahihi, kwa sababu hata mkisema majina yake ni daftari, ni daftari ambalo halipangiki. Huwezi kuyapanga kwa alfabeti wala kuyalinganisha na orodha yoyote. Na toleo la Ulaya na la Japani la mchezo uleule nilikuwa nakusudia kuyatoa, nibaki na la Marekani tu.

Sekta Sifuri
Hapo ndipo ninapoomba utulie, kwa sababu unafanya kazi mbili kama moja. Kuitambua faili ni kazi ya SHA-1, na haitegemei jina hata kidogo, ukiiita "x.smc" bado ni faili ileile. Jina ni la binadamu, na binadamu wa diski hii ni kaka yako. Kwa hiyo usichague kati ya majina yake na ya No-Intro, weka yote mawili. Nakili diski nzima kwenye diski nyingine kwanza, na ile ya asili iwekwe kando bila kuguswa. Kisha tengeneza jedwali lenye jina la zamani, SHA-1, jina la No-Intro au Redump, majina mbadala kama alivyosema Mama Pikseli, aina ya mchezo, na safu ya maelezo ambamo "sauti nzuri kuliko ya katriji" itakaa neno kwa neno. Jedwali hilo likishakamilika, kubadilisha majina katika nakala hakutampotezea mtu chochote, kwa sababu kila hatua ina njia ya kurudi.

Kuhusu matoleo, mtindo wa kubaki na ROM moja kwa kila mchezo ni mzuri kwa folda ya kuchezea, na ni kweli kwamba michezo mingi ya Ulaya ilikwenda polepole kwa sababu televisheni za huko zilitumia hertzi 50 badala ya 60. Lakini ipo michezo ambayo haikuwahi kutoka Marekani, na Zelda ile ya .fds ingekuwa ya kwanza kutupwa. Programu kama Igir inaweza kukutolea seti hiyo teule pembeni, ikinakili bila kuondoa. Seti kamili ibaki kama ilivyo.

Mambo matatu yanayoharibika kimyakimya jina likibadilishwa: faili ya maendeleo ya mchezo, ambayo katika emuleta nyingi lazima ifanane jina na ROM yake, hivyo ile ya njia 96 itaonekana imepotea ingawa ipo; faili ya .cue ya PlayStation, ambayo ndani yake imeandikwa jina la .bin yenye mchezo wenyewe, na usipoirekebisha mchezo hautafunguka. Na viraka vya IPS vya tafsiri (faili ndogo zinazobadilisha baiti za ROM), ambavyo vikitengenezewa ROM yenye kichwa kisha ukakiondoa, vitaandika baiti 512 mbali na mahali pake.

Bi Faharasa
Niongeze kwamba safu ya maelezo isirekebishwe lugha. Kama aliandika kwa mkato, iache kwa mkato.

Mpanga Rafu
Nimekubali nakala ya pili na jedwali, na nimeanza na Super Nintendo. Folda ndogo za aina ya mchezo ndani ya kila konsoli nitaziweka hata hivyo, katika seti ya kuchezea tu, kwa kuwa mimi ndivyo ninavyotafuta. Kaka nimemwandikia. Amejibu kwa ufupi: hana pingamizi na folda, ila faili mbili za Super Mario World nilizoziona kuwa pacha si pacha, na anataka kujua ni ipi niliyoipa alama ya kufutwa.

Sekta Sifuri
Linganisha SHA-1 zao baada ya kuruka baiti 512 katika ile yenye kichwa. Kama bado zinatofautiana, moja yake huenda imetiwa kiraka, na mwenye kujua ni kiraka gani ni yeye. Mwulize, na jibu lake liingie katika safu ya maelezo.