Naomba ushauri: kamba ya parachuti inachana bomba la roketi

Habari zenu wakuu. Nimekwama na roketi yangu ya mfano. Bomba ni la karatasi ngumu, kipenyo milimita 56, na mapezi manne ya balsa (mbao nyepesi) ya milimita 5 niliyoyaziba vinyweleo na kuyapaka rangi (imeng'aa kweli, sitamani kuisugua bure). Mkia ukawa mzito, hivyo nikatia udongo wa kufinyangia puani mpaka kitovu cha uzito kikakaa mbele ya kitovu cha mgandamizo wa hewa (pale nguvu ya hewa inapojikita kwenye roketi) kwa kipenyo kimoja cha bomba. Sasa ina gramu 98 pamoja na injini, C6-5 (namba ya mwisho ni sekunde za kusubiri tangu injini iache kusukuma hadi itoe parachuti).

Inapaa wima, haiyumbi hata kidogo. Shida ni parachuti: inatoka roketi ikiwa tayari inashuka kwa kasi, na kamba inachana mdomo wa bomba. Nimerefusha kamba, nimetoboa tundu katikati ya parachuti, bado inachana.

Je, kuhamia C6-3 kutatosha? Au nibadilishe mapezi yawe ya milimita 3 ili nipunguze na udongo? Nahofia mapezi membamba yatatetemeka angani. Natanguliza shukrani.