AutoCAD (programu ya kuchora ramani): kitanda kinaingia kwenye ramani saizi ya kiberiti, na leya ya samani haizimiki

Mchora_Sakina
Wakuu, habari za jioni. Nina ramani ya nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja kipo Ngaramtoni, nimechora kwa milimita. Kuta ziko sawa, chumba cha kulala nikikipima kinasoma 3000 kwa 3600. Shida ni samani. Kitanda nilichovuta kwenye maktaba ya programu yenyewe (Ctrl+2) kinasoma 60 kwa 80. Kochi la watu watatu nililopakua mtandaoni linasoma 82.7 badala ya 2100. Meza ya chakula, nayo ya kupakua, ndiyo pekee iliyokaa sawa, 1500. Halafu nikizima leya (tabaka la mchoro) ya SAMANI, kochi linabaki pale pale. Na faili lilikuwa chini ya MB 1, sasa ni MB 38, kompyuta inakokota. Naanzia wapi?

Nondo_Njiro
Namba zako zimeshajibu. 2100 gawanya kwa 25.4 unapata 82.7. Na hiyo 60 kwa 80 ni inchi, yaani 1524 kwa 2032. Faili lako lina lebo ya inchi ingawa wewe unachora kwa milimita. Hutokea ukianzia kwenye kiolezo cha acad.dwt, cha milimita ni acadiso.dwt. Programu haijui nia yako, inasoma lebo tu. Kochi lina lebo ya milimita, ikaligawanya. Kitanda kina lebo ya inchi kama faili lako, ikakiacha kama kilivyo.

Andika UNITS, kwenye Insertion scale chagua Millimeters. Au INSUNITS, kisha 4, ni kitu kilekile. Kuta hazitaguswa. Ila samani zilizokwisha kuingia hazijirekebishi: zifute, piga PURGE (inaondoa kwenye faili vitu visivyotumika), ziingize upya kwa INSERT. Usizivute kwa SCALE mpaka zifanane kwa macho. Kitanda kitaonekana sawa kumbe kimepungua sentimita 12, na chumba kizima kinakudanganya.

Kuhusu leya: bloku (si ya tofali, hii ya AutoCAD: mchoro uliofungwa kuwa kitu kimoja, kama kochi lako) inabeba leya za huko ilikotoka. Ukizima SAMANI kwa alama ya balbu, mistari iliyo kwenye leya nyingine ndani ya bloku haizimiki. Ukigandisha kwa alama ya theluji, bloku nzima inatoweka, mradi uliiingiza ukiwa kwenye SAMANI. Hiyo ni dawa ya haraka. Dawa kamili: BEDIT (inafungua bloku uihariri), chagua vyote, vihamishie leya 0, rangi na unene viwe ByLayer (vifuate leya), hifadhi, funga. Kilicho leya 0 ndani ya bloku hufuata leya unayowekea bloku hiyo.

Mchora_Sakina
Asante mkuu. Kitanda sasa 1524, kochi 2100, theluji nayo imefanya kazi. Lakini meza ile iliyokuwa sawa, nikiingiza upya inakuja 38,100! Imefunika nyumba na jirani.

Nondo_Njiro
Hiyo ilikuwa sawa kwa bahati tu. Imechorwa kwa milimita lakini ina lebo ya inchi, kosa lilelile la faili lako, ndiyo maana walielewana. 1500 mara 25.4 ni 38,100. Fungua faili la meza peke yake, UNITS, Millimeters, hifadhi. Rudi kwenye ramani, futa meza zote, PURGE, ingiza tena. Ukiruka PURGE, umbo la zamani la meza linabaki ndani ya ramani na unaweza kulichukua hilohilo ukidhani ni jipya.

Rula_ya_Moshi
Skeli ikishakaa, angalia kama hizo saizi ni za huku kwetu. Kitanda cha maktaba kina urefu wa inchi 80. Tano kwa sita yetu ni inchi 60 kwa 72, na hilo ni godoro tu. Fremu na ubao wa kichwani vinaongeza, kwa hiyo mimi huchora 1650 kwa 2000. Makochi ya mafundi wetu yana mikono minene. Kama mteja analo tayari, lipimwe kwa futi kamba, usiamini bloku ya Ulaya.

Na hiyo 3000 umepima wapi? Kama ni katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, toa 150 ya tofali la inchi sita, toa lipu kama 15 kila upande, inabaki 2820. Kitanda cha 1650 kikikaa katikati, kila upande unapata 585. Kupita unapita, ila kimeza cha pembeni chenye upana wa 450 kinamaliza njia. Kwa urefu, ukitoa vivyo hivyo, 3420: kitanda 2000, kabati 600 mkabala nacho, inabaki 820. Milango ya kabati ya kufunguka nje ikiwa na upana wa 500, anayefungua anasimama kwenye 320. Hapo weka milango ya kuteleza au hamisha kabati. Mezani acha 750 hadi 900 nyuma ya kiti, na jikoni usisahau mtungi wa gesi. Bloku za wazungu hazina mtungi.

Kijenge_Chini
MB 38 si samani, ni takataka zilizokuja nazo. Watu hupakua faili lenye makochi mia moja na kuliingiza lote. Lifungue pembeni, chukua kochi moja kwa WBLOCK (inalihifadhi kama faili lake lenyewe), sehemu ya kushikia iwe katikati ya mgongo ili likamate ukuta. Kwenye ramani piga PURGE, kisha -PURGE na R (inafuta majina ya programu yaliyosajiliwa bure), halafu AUDIT (inakagua na kurekebisha makosa ya faili). Na usipige EXPLODE (kupasua bloku) viti: viti sita vya bloku moja vinahifadhiwa mara moja, ukivipasua kila mstari unahesabiwa.

Bloku zilizochorwa hadi nyuzi za mito ya kochi usizitumie. Kwa skeli ya 1:100, mistari iliyoachana milimita 10 inakuwa 0.1 kwenye karatasi, inatoka doa jeusi.

Mchora_Sakina
Faili limeshuka hadi MB 1.4. Kwenye karatasi za kibali cha ujenzi niziache samani zionekane?

Rula_ya_Moshi
Mimi huzitoa, maana zinaficha vipimo. Ila vyoo, masinki na bafu vibaki, kwa hiyo viwe na leya yao. Kwenye karatasi gandisha SAMANI kwa VP Freeze, yaani ndani ya dirisha la karatasi hiyo (viewport) tu. Nakala ya mteja ibaki nazo, unene 0.13, rangi 8, kuta 0.35 au zaidi.