Kwa nini samaki wa vilindini wana zebaki nyingi kuliko wa juu?

Swali

Ndugu zangu, kuna jambo linalonitatiza kuhusu zebaki baharini. Inaelezwa kwamba sehemu kubwa yake hutua majini kutoka angani, baada ya kutolewa na mitambo inayochoma makaa ya mawe na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kama ndivyo, ningetarajia viumbe wa tabaka la juu ndio wachafuke zaidi, kwa kuwa ndio wanaoipokea kwanza. Vipimo, hata hivyo, vinaonyesha kinyume: fulusi, anayewinda karibu na uso wa maji, huwa na zebaki kidogo, ilhali jodari wa macho makubwa, anayezamia mamia ya mita kufuata mawindo, huwa nayo nyingi. Je, zebaki huzama tu kwa sababu ni nzito? Na ni kweli kwamba ukiondoa mafuta ya samaki unaiondoa pia?

Jibu la kwanza

Uzito hauhusiki. Zebaki inayoshuka na mvua haiji kwa matone yale mazito tunayoyajua kwenye kipimajoto. Imeyeyuka majini kwa kiasi kidogo mno, na ikiwa katika hali hiyo hainasi sana mwilini mwa viumbe. Hatari huanza pale vijidudu vinapoigeuza kuwa methilizebaki, aina ya zebaki yenye sumu inayonasa mwilini. Jeni mbili zinazowezesha kazi hiyo, hgcA na hgcB, zilitambuliwa mwaka 2013 katika bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Baharini methilizebaki hupatikana kwa wingi kati ya mita 200 hivi na 1,000, ambako mabaki ya planktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini) na vinyesi vinavyoshuka kutoka juu huoza na kula oksijeni iliyomo. Juu ya hapo mwanga wa jua huivunja tena. Kwa hiyo anayekula juu hula chakula kilichosafishwa kidogo na jua, na anayezamia hula kwenye jiko lenyewe la sumu.

Jibu la pili

Naongeza ushahidi wa hayo, kwa sababu ni mzuri sana. Zebaki ina isotopu 7 zilizo imara, yaani aina za atomi zake zinazotofautiana kwa uzito, na mwanga unapovunja methilizebaki huacha alama ya pekee katika uwiano wa isotopu zake, alama ambayo samaki huibeba katika nyama yake. Watafiti walipopima aina 9 za samaki wa eneo la Hawaii, waliona alama hiyo ikififia kadiri samaki anavyokula katika kina kirefu zaidi, na mwaka 2013 walikadiria kwamba hadi asilimia 80 ya methilizebaki ya kina hicho hutengenezwa hukohuko chini.

Jambo lililonigusa zaidi lilitangazwa mwaka 2020. Amfipodi, yaani viumbe wadogo wa jamii ya kamba, pamoja na samaki, walinaswa kwa mitego katika mahandaki ya Mariana na Kermadec, mabonde yenye kina kirefu sana chini ya Bahari ya Pasifiki, mahali pasipofikiwa na mwanga wowote. Zebaki yao ilikuwa na alama ileile ya samaki wanaokula katika mita 500 hivi. Maana yake ni kwamba mizoga na chembe zinazozama huipeleka hadi sakafuni, na amfipodi, ambaye kazi yake ni kutafuna mizoga, huimeza pamoja na nyama.

Jibu la tatu

Kuhusu mafuta, hapana, na naomba dhana hii isiendelee kuenea. Methilizebaki hushikamana na salfa iliyomo katika protini, kwa hiyo hukaa kwenye msuli. Kwa miaka kadhaa nilipima samaki maabara: tulikata kipande cha nyama bila ngozi chini ya pezi la mgongoni, tukakikausha na kukisaga kuwa unga, na zebaki ilikuwa ndani ya unga huohuo mweupe. Kuchemsha hakuitoi; maji yakipungua nyamani, kiwango kwa kila gramu hupanda. Kinachotofautisha samaki mmoja na mwingine ni umri, ukubwa na cheo chake katika mnyororo wa ulaji, kwa kuwa kila mlaji hukusanya ya wote aliowala na huitoa mwilini polepole mno.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Kama vijidudu ndivyo vinavyoitengeneza, basi tuseme ni jambo la asili lisilotuhusu?

Jibu la kwanza

La hasha. Vijidudu hugeuza kile kinachowafikia, na sisi tumekiongeza. Makadirio ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba zebaki katika maji yasiyozidi mita 100 imeongezeka zaidi ya mara tatu kulinganishwa na kabla ya mapinduzi ya viwanda. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti zebaki yaliyoanza kutumika Agosti 2017, unahusu bahari nzima japo vifungu vyake vinazungumzia migodi, taa na mitambo ya makaa. Ongezeko katika vilindi ni dogo zaidi kwa sasa, kwa sababu maji ya juu huchukua karne nyingi kufika huko, na kwa sababu hiyohiyo zebaki tuliyokwisha kuimwaga bado iko njiani kushuka.